Harufu ya Sanduku

"Rudia," Alhaja Sinota alisema. "Rudia hilo neno taratibu, ili hata walioko chooni wasikie."

"Nimesema mtoto ana manjano machoni," Mama Asabi akajibu. "Sikuongeza chumvi wala pilipili."

"Mjukuu wangu ni mweupe kwa sababu baba yake ni mweupe. Ukoo wetu mzima weupe. Ulitaka azaliwe na rangi ya sufuria yako ya uji?"

"Alhaja, ngozi tuiache. Mimi naongelea macho."

"Na nani kakupa ruhusa ya kumfunua macho?"

Nyumba ile ya Ibadan ilikuwa na vyumba kumi, vitano huku na vitano kule, vikitazamana kama watu walio kwenye kesi, na ukumbi mrefu katikati. Ukigombana na mwenzako asubuhi, kufika adhuhuri wapangaji wote wanajua nani alianza, na nusu yao wameshachagua upande. Siku hiyo hakuna aliyehitaji kusimuliwa. Milango yote ilikuwa wazi, na kwenye kila mlango kilining'inia kichwa.

"Jamani, mimi nilizaliwa na macho mekundu," Lamidi fundi cherehani akasema, mguu wake ukiwa umetulia juu ya pedali. "Bibi yangu akasema, huyu atakuwa mlevi. Na bibi yangu hakuwa mwongo."

Siku nyingine ukumbi ungeangua kicheko. Lakini Alhaja alikuwa ameteremsha sauti, na wote waliomjua walijua maana yake. Alhaja akipiga kelele bado ana mzaha. Akinong'ona, hana.

"Mama Asabi, unamtafutia mwenzake yule wako wa mkekani. Kwangu humpati. Kuanzia leo kitu cha chumbani kwako kisivuke kizingiti changu, hata punje ya chumvi."

Akaingia ndani na kushusha pazia. Mama Asabi akabaki na bakuli la uji mkononi, uji aliokuwa akimpelekea mzazi kila asubuhi, ukianza kufanya utando juu. Nyuma yake, chumbani, Asabi alicheka peke yake. Sauti ya cherehani ya Lamidi ilikuwa imeanza tena, na hiyo ndiyo sauti iliyomfurahisha kuliko zote duniani.

Asabi alikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa hasimami, hakai bila kuegemezwa, na neno lake lilikuwa moja tu, "eee", ambalo mama yake alilijua kwa maana zake ishirini. Alizaliwa mzima, mnene, mwenye kilio cha kuamsha mtaa. Siku ya sita macho yakawa manjano. Watu wakasema mwanike juani, mpe maji ya glukosi, mchemshie majani ya mpapai, na Mama Asabi akafanya yote. Siku ya tisa mtoto alikataa titi, mgongo ukapinda nyuma kama upinde, akalia kilio chembamba kisicho cha mtoto. Kisha akanyamaza, akawa hivi alivyo. Baba yake alivumilia miaka miwili, akaenda Lagos kutafuta kazi, na kazi hiyo anaitafuta mpaka leo. Nyumbani watu walikuwa na maelezo yao, na karibu yote yalimhusu mama.

Ndiyo maana alipoona weupe wa macho ya mtoto wa Basira umegeuka rangi ya mafuta ya mawese yaliyochujwa, hakuweza kufunga mdomo. Alikuwa ameshaipita njia ile. Alikijua kila kisiki chake.

Basira, mkwe wa Alhaja, alikuwa msichana mpole wa miaka ishirini na mbili. Mume wake Gafari alikuwa dereva wa malori ya kaskazini, aliyetegemewa kurudi siku ya kumpa mtoto jina, siku ya nane. Toka aingie nyumba ile, Basira alimkimbilia Mama Asabi kwa kila jambo: namna ya kuuliza bei ya viazi vikuu bila kulanguliwa, namna ya kumjibu mama mkwe bila kumjibu. Na siku ya tatu baada ya kujifungua, aliporudi kutoka kliniki, Mama Asabi alimpa kitu ambacho hakupata kumpa mtu.

Ilikuwa nusu ya kitambaa kizito cha mkono, cha mistari ya samawati na nyeupe, alichofumiwa na marehemu mama yake. Nusu ya kwanza ilitolewa sandukuni ikamfunika Asabi. Ya pili iliwekwa kwa ajili ya mtoto wa pili, na mtoto wa pili hakuja. Kwa miaka yote hiyo ilikaa chini kabisa ya sanduku la bati, imetandikiwa vidonge vile vyeupe vya duara, vikubwa kidogo kuliko mayai ya mjusi, ambavyo kila mtu sokoni huviita kafuri. Kila mwaka vilipoyeyuka na kupungua, Mama Asabi alitia vingine.

Hakuna mwanamke wa pale asiyefanya hivyo. Kwenye sherehe, kabla hujaona sura ya mama wa heshima umeshasikia harufu yake, kali, baridi, ya kuchoma puani, na unajua huyu ana sanduku, ana nguo za kuwekwa, hakuazima. Nguo isiyonuka kafuri ni nguo ya jana. Hata Alhaja, alipomkuta mjukuu amevikwa ile ya samawati, aliinusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ni nguo ya mtu anayejitunza. Umeitoa wapi?"

"Kwa mama yangu," Basira akasema haraka, kwa sababu alijua jibu la kweli lingeifikisha nguo jalalani.

Alhaja akafurahi. Naye, ili asishindwe na mama yake Basira, akaweka vidonge vyake vitatu chini ya godoro kufukuza mende, na kimoja akakifunga kwenye pembe ya shuka la mtoto. Ulikuwa msimu wa upepo wa vumbi kutoka jangwani, asubuhi zikiuma kama kisu, na madirisha yalifungwa toka magharibi mpaka jua lipande. Mtoto alilala humo, kafungwa kama furushi, pua yake ndani ya mkunjo.

Siku ya ugomvi ule ule, baada ya sala ya adhuhuri, Alhaja alikwenda soko la Bodija kutafuta kondoo wa sherehe. Kiatu chake kilipomaliza kugonga ngazi za nje, pazia la Mama Asabi likainuliwa. Basira alikuwa amesimama, nepi mkononi.

"Dada, hebu tazama."

Mkojo ulikuwa umeacha doa la rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

"Ananyonya?"

"Toka alfajiri anashika titi halafu analala. Namfinya mguu, anaamka, analala. Nimedhani ni mtoto mtulivu."

Mama Asabi alikwenda, akamwinamia. Hakumfunua macho safari hii. Alimgusa shavu, na mtoto akafungua mdomo akalia, na kile kilio kilikuwa chembamba, cha juu, kama cha paka aliyebanwa na mlango. Mama Asabi akajiinua. Alikuwa hajakisikia kilio kile kwa miaka kumi na moja, na hakikubadilika hata kidogo.

"Vaa viatu," alisema.

"Mama mkwe akirudi?"

"Akirudi atanikuta mimi. Vaa viatu, Basira."

Alimwachia Lamidi funguo na Asabi. "Mpigie cherehani tu, hatalia." Lamidi akazipokea, akarudisha mguu kwenye pedali.

Ndani ya teksi vumbi lilikuwa likiingia, basi wakapandisha vioo vyote. Mtoto alionekana kutetemeka. Mama Asabi akaivuta ile nguo ya samawati, akamzungushia mara mbili, akaifunika mpaka juu ya pua yake ndogo, akambana kifuani. Harufu ya sanduku ikajaa gari zima. Dereva akamtupia jicho kwenye kioo chake.

"Mama, mnakwenda harusini?"

Njia nzima mpaka hospitali Mama Asabi alimkazia nguo kila ilipolegea.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, nywele kasuka mafungu, macho ya mtu ambaye hajalala kitandani siku mbili. Kabla hajamgusa mtoto alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara mbili.

"Ni nani ananuka sanduku?"

Basira akatazama chini.

"Hiyo nguo mvueni. Sasa hivi. Itieni kwenye mfuko, mfuko ufungwe, utoke nje. Isibaki hata kwenye benchi."

Walimchoma mtoto kisigino, wakachukua damu. Walimlaza uchi chini ya taa ya buluu, macho kafungwa kitambaa, na ile rangi ya buluu juu ya ngozi ya manjano ikamfanya aonekane kama kitu kilichotolewa majini. Majibu yaliporudi daktari aliyasoma kwa kusimama, kisha akaketi, na kule kuketi ndiko kulikomtisha Mama Asabi.

"Tutambadilisha damu. Tunatoa yake kidogo kidogo, tunaingiza ya mtu mwingine. Leo hii."

"Damu yake ina nini?" Basira akauliza.

"Inapasuka." Daktari akachukua kalamu, lakini hakuchora chochote. "Sikilizeni. Vile vidonge mnavyoita kafuri, unaona vinapungua, sivyo? Vinakwenda wapi? Vinakwenda hewani, na hewa mnaivuta. Kikiingia kifuani kinaingia kwenye damu. Ini linakikamata, linakivunjavunja ili kitoke na mkojo. Lakini kikivunjwa kinakuwa kikali kuliko kilivyoingia. Mimi na wewe damu yetu ina kinga ya kuuzima ule ukali. Tunaumwa kichwa, yanaisha. Wapo wanaozaliwa bila hiyo kinga, na kwetu hapa si wachache, hasa wavulana. Kwao kila chembe ya damu inayoguswa inapasuka, moja baada ya nyingine, kama bisi kwenye kikaango. Chembe ikipasuka inaacha manjano. Ini la mtu mzima lingeiondoa. Ini la siku sita bado ni mwanafunzi. Basi manjano inajaa, ikijaa inatafuta pa kwenda, inapanda kichwani."

"Ikishapanda?"

"Haishuki."

Mama Asabi aliuliza bila kumtazama mtu.

"Na wasichana?"

"Wachache kuliko wavulana. Lakini wapo. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Nyumbani kuna vidonge vingine?"

Basira alimwahi mwenzake. "Vipo chini ya godoro. Na kimoja kwenye shuka. Mama mkwe aliviweka." Chini ya meza alimkanyaga Mama Asabi mguu, kwa nguvu, na hakuuondoa.

Alhaja aliwakuta jioni. Aliingia akiwa amejiandaa kuua mtu. Nesi wa mlangoni alisema baadaye kwamba alimsikia toka geti la kwanza. Lakini daktari alimweka pembeni, akamweleza yale yale, na alipofika kwenye vidonge vya chini ya godoro Alhaja alishika ukingo wa dirisha. Yule mwanamke mkubwa, aliyekwenda Makka mara mbili na kusimamia vibanda vitatu vya vitambaa, akateremka taratibu mpaka sakafuni, akaketi kama mtoto.

"Mimi," alisema. "Mkono wangu mwenyewe."

Mama Asabi alikuwa hatua nne kutoka pale. Alifungua mdomo. Basira akamtikisia kichwa. Naye akafunga mdomo, akaenda nyumbani kumlisha mtoto wake.

Usiku ule hakulala. Sanduku la bati lilikuwa palepale lilipokaa siku zote, kichwani pa mkeka wa Asabi, kwa sababu chumba kilikuwa na ukuta mmoja tu usiovuja. Alilikokota mpaka uani. Aliporudi chumba kilikuwa kinanuka vilevile, na Asabi alikuwa anapumua, ndani, nje, ndani, kwa utulivu wa mtu asiyejua kuna kitu cha kuogopwa katika kupumua.

Jina haliahirishwi. Siku ya nane ilipofika mtoto alikuwa bado chini ya taa, damu yake imebadilishwa mara mbili, ya pili ikiwa ya Lamidi, ambaye alitangazia nyumba nzima kwamba sasa mtoto ataamka anadai kinywaji. Imamu alimnong'oneza mtoto adhana na jina kupitia simu ambayo Gafari, aliyefika alfajiri na vumbi la Kano kichwani, alimwekea sikioni. Mutiu. Wageni waliokuwa wamealikwa walikuja wote, kwa kuwa hakuna mtu aliyethubutu kuwaambia wasije. Uani sufuria tano zilichemka. Wanawake wa ukoo, wamevaa leso za sare, walisonga amala, ule ugali wa unga wa viazi vikuu, walikoroga mrenda, walikata nyama ya kondoo. Walizungumza kwa sauti za chini, kama watu waliokuja kwenye jambo jingine.

Alhaja aliketi kwenye kiti katikati yao, simu mapajani. Kila mgeni aliyemkaribia na kuuliza imekuwaje, alimpa jibu lile lile.

"Vidonge vilikuwa vyangu. Niliviweka mwenyewe."

Mgeni alisema pole, ni kadari. Kisha akasogea kando, na huko kando Mama Asabi, aliyesimama kwenye mlango wa nyuma na sinia la vikombe, alisikia yanayosemwa. Bibi gani asiyejua. Uzee huo. Na siku zote alimtaka Gafari aoe yule mwingine, wa Ogbomoso. Toka mwanzo hakumpenda mkwe. Saa mbili nzima alisikia maneno yakikua, yakiota miguu, yakitembea kutoka sufuria hadi sufuria. Aliyajua maneno hayo. Alikuwa amelala nayo miaka kumi na moja.

Angeweza kunyamaza. Basira alikwishampigia simu toka hospitali: "Dada, usiseme. Nakuomba. Watakufukuza nyumba hii, utampeleka wapi Asabi?" Na ni kweli, wangemfukuza. Walikuwa wakisubiri sababu tu, na sababu anayo.

Alhaja alikuwa akimjibu mgeni wa kumi au wa ishirini. "Vidonge vilikuwa..."

"Si vyako peke yako," Mama Asabi akasema.

Alikuwa ameshaweka sinia chini. Hakukumbuka kulitua.

"Ile nguo ya samawati haikutoka kwa mama yake Basira. Ilitoka kwangu. Ilikaa sandukuni na vidonge miaka kumi na moja, nikampa, na kwenye teksi mimi ndiye niliyemfunika nayo pua. Basira alidanganya kwa sababu alijua ungeikataa. Msimlaumu. Ni mimi."

Mwiko wa amala ulisimama ndani ya sufuria. Nyuma mtu alisema, "Si tulisema?" na mwingine akamwambia nyamaza. Lamidi, kwenye kizingiti, alitazama vidole vya miguu yake.

Alhaja hakuinuka. Alimtazama Mama Asabi kuanzia kilemba mpaka kandambili, na uso wake haukuonyesha chochote ambacho mtu angeweza kukisimulia baadaye, ingawa wengi walijaribu.

"Na yule wako?" aliuliza. "Naye ni hivyo hivyo?"

"Nusu ya nguo ile ile. Daktari hakuniambia. Nimejijibu mwenyewe."

"Ulijua lini? Kwamba imepanda kichwani."

"Alipotimiza miezi minne. Watoto wenzake walikuwa wanashika shingo. Yeye nikimwinua, kichwa kinaanguka nyuma."

"Kabla ya hapo hukuona kitu?"

"Niliona. Nilijiambia sioni."

Alhaja akatazama simu, iliyokuwa haijalia. "Asubuhi daktari kaniambia hatari ya kufa imepita. Nikamuuliza, na hiyo nyingine? Akasema tungoje. Miezi. Nimemuuliza, ningoje nikitazama nini? Akaitwa, akaondoka." Aliinuka, kiti kikalia chini yake. Wanawake wakampisha njia, nao wakampisha Mama Asabi zaidi, wakimwachia nafasi pana kuliko aliyohitaji. Alhaja alichukua sahani moja kubwa, akapakua amala, akamwagia mrenda, akaweka vipande vya nyama vya watu wawili juu yake. Mchuzi ukachuruzika kwenye ukingo.

Alielekea mlango wa chumba chake, akalisukuma pazia kwa bega. Mle ndani madirisha yote yalikuwa wazi na godoro halikuwapo.

"Ingia," alisema bila kugeuka. "Ingia ule, Mama Asabi. Maji ya kunawa yapo. Halafu utanieleza ulichoona, siku kwa siku, kuanzia ya kwanza."